Waraka ni Nusu ya Kuonana: Barua za Bwana Mann na Bwana Walpole

Wazee wetu walisema kwamba waraka ni nusu ya kuonana. Maneno haya tumeyazoea, na wengi wetu huyaandika mwanzoni mwa barua zetu kama vile mtu abishavyo hodi mlangoni. Lakini ni nani kati yetu aliyeuliza: nusu hiyo ni nusu gani? Na nusu ya pili, ile isiyoingia katika bahasha, hukaa wapi? Swali hili lilinijia niliposoma barua za Waingereza wawili wa karne ya 18, walioipima methali yetu kwa muda wa miaka 45, ijapokuwa hawakuijua. Msomaji mpenzi, nataka kukueleza habari zao, kisha tuzihukumu barua zenyewe, uzuri wake na upungufu wake.

Wa kwanza ni Horace Mann, aliyezaliwa mwaka 1706. Huyu alikuwa mwakilishi wa mfalme wa Uingereza katika mji wa Florence, nchi ya Toscana, ambayo leo ni sehemu ya Italia. Alishika kazi hiyo tangu mwaka 1740, akafa nayo mkononi mwezi wa Novemba 1786, katika mji ule ule, naye ni mzee wa miaka 80. Katika miaka hiyo yote hakurudi kwao hata mara moja. Alirudi maiti, akazikwa katika kijiji cha Linton, jimbo la Kent.

Wa pili ni Horace Walpole, aliyezaliwa mwaka 1717, mwana wa Sir Robert Walpole aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza kwa miaka zaidi ya 20. Kijana huyu alifunga safari ya kutazama nchi za Ulaya, kama ilivyokuwa desturi ya wana wa matajiri, akafika Florence, akakaribishwa nyumbani kwa Mann. Hata mwaka 1741 wakaagana. Walpole alikuwa na miaka 23, na Mann 34. Hawakuonana tena. Tangu siku ile urafiki wao wote uliishi katika karatasi. Mwaka 1784 Walpole alizihesabu barua alizomwandikia rafiki yake, akaona zimepita 800. Yaani si pungufu ya 18 kila mwaka, kwa miaka 43. Na Mann hakuwa mvivu wa kujibu.

Ili tuzisome vema barua hizi, yatupasa kuijua kazi ya Mann. Mfalme wa Uingereza hakuwa na balozi kwa Papa. Na huko Roma, chini ya ulinzi wa Papa, alikaa James Stuart, mwana wa yule Mfalme James wa Pili aliyepoteza enzi yake mwaka 1688. Mwana huyu alidai kiti cha baba yake, na watu wengi wa Uskoti walimpenda. Kwa hiyo Florence ulikuwa dirisha la kuchungulia Roma. Mann aliwatafuta watu wa kumletea habari: nani ameingia nyumbani kwa Stuart, nani ametoka, fedha zimetoka wapi. Siku ya posta ilipowadia aliwaandikia mawaziri wa London mambo ya serikali, kisha akageuza karatasi nyingine akamwandikia rafiki yake. Zaidi ya hayo, kila mwungwana wa Kiingereza aliyepita Florence alitaka kukaribishwa, kulishwa na kupelekwa mbele ya mtawala wa nchi.

Tena barua zenyewe hazikuwa na siri. Maofisa wa posta katika nchi zilizo njiani walizifungua na kuzisoma, na marafiki hawa walijua hivyo. Neno la hatari liliwekwa akiba mpaka apatikane msafiri mwaminifu wa kulichukua mkononi. Na hata barua iliyofika salama ilikuwa imekaa njiani majuma kadhaa, hata habari ya vita ikawa imekwisha kubadilika kabla ya msomaji kuvunja lakiri. Basi watu hawa walizungumza kama watu wawili waliosimama ng'ambo mbili za ziwa pana. Mmoja apiga ukelele, na mwenziwe akijibu, yule wa kwanza amekwisha kusahau alilouliza.

Sasa natuziangalie barua za Walpole. Sifa yake ya kwanza ni macho. Alikuwa mjumbe wa Bunge tangu mwaka 1741 hata 1768, naye alimchukua Mann kama kwa mkono akamketisha kando yake. Mwaka 1742 baba yake alipoangushwa katika Uwaziri, mwana alimwandikia rafiki yake habari za kura zilivyohesabiwa, na nani aliyegeuka. Mwaka 1745, Charles Edward Stuart, mwana wa yule James wa Roma, alipotua Uskoti na kushuka na jeshi mpaka mji wa Derby, barua za Walpole zilichukua hofu ya London hata Florence. Na mwaka 1750, nchi ilipotetemeka London mara mbili, watu wakatabiri tetemeko la tatu na kuanza kuukimbia mji, Walpole aliandika kwamba wanawake wengine wameshona nguo nzito za kukalia nje usiku kucha wakilingojea. Hapo msomaji hucheka. Lakini akiisha kucheka, ameujua mji ule kuliko ambavyo angeujua kwa kusoma kitabu kikubwa cha tarehe.

Wala si mtu wa mzaha tu. Mwaka 1757 Jemadari Byng wa jeshi la majini alihukumiwa kufa kwa kushindwa kukiokoa kisiwa cha Minorca, akapigwa risasi juu ya merikebu. Walpole alijitahidi apate kuokolewa, asifaulu. Katika barua aliyompelekea Mann juu ya kifo kile, ule mchezo wa maneno unapungua, na mtu mwenyewe anaonekana, amekasirika na kuhuzunika. Kwangu mimi kurasa hizo hupita zote za kuchekesha.

Lakini lipo kosa, nami sitalificha kwa sababu ya utamu wa maneno. Tangu miaka ya mwanzo Walpole alimwomba Mann amrudishie barua zake. Mann akamtii. Kila alipopata msafiri wa kutumainiwa alifunga fungu la barua, akalirudisha London. Walpole akazinakili, akaongeza maelezo kwa ajili ya watu watakaozisoma baadaye, na maneno mengine akayaacha. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba alipoandika “rafiki yangu”, jicho moja lilimtazama Mann, na jicho la pili lilitazama juu ya bega la Mann, likituangalia wewe na mimi. Alimhitaji mtu aliye mbali, asiyejua habari za London, ili apate sababu ya kuzieleza zote tangu mwanzo. Mtu wa karibu asingefaa, kwa kuwa humwelezi jirani yako mambo aliyoyaona kwa macho yake. Ndiyo sababu katika barua nyingine msomaji anasikia baridi kidogo: maneno yamepangwa vizuri mno, kama vyombo vilivyowekwa kabatini vitazamwe na wageni, na mwenye nyumba hanywei maji humo.

Je, tuseme basi kwamba urafiki wake ulikuwa wa uongo? La, hukumu hiyo ni nyepesi. Mtu hawezi kuigiza kwa miaka 45. Mwaka 1756 Galfridus Mann, ndugu yake Horace Mann, alipokufa, Walpole ndiye aliyebeba mzigo wa kumwandikia rafiki yake, naye akasimamia namna ya kaburi lake huko Linton. Tena walipozeeka, wote wawili wakaumwa jongo, wakaulizana habari za miguu na mikono kwa subira ambayo haimpendezi msomaji wa nje hata kidogo. Kwangu mimi huo ndio ushahidi wa kweli. Mtu aandikaye kwa kutafuta sifa tu hatajaza ukurasa kwa habari ya kidole cha mguu cha mwenziwe.

Barua za Mann nazo zilidharauliwa kwa muda mrefu. Zile za Walpole zilianza kupigwa chapa mwaka 1833, zikasifiwa. Za Mann ziliachwa kando, zikihesabiwa kuwa kavu. Hata ilipofika miaka ya 1954 hadi 1971, Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani kilitoa vitabu 11 vyenye barua za pande zote mbili, swali na jibu lake. Nami nasema kuwa hiyo tu ndiyo njia ya haki ya kuzisoma. Ni kweli kwamba Mann hana maneno ya kumetameta. Hueleza jambo, hurudia, huomba radhi kwa urefu wa barua. Lakini soma habari zake za Charles Edward Stuart. Huyu ndiye aliyekuwa tisho la Uingereza mwaka 1745. Tangu mwaka 1774 alikuja kukaa Florence, karibu kabisa na mtu aliyempeleleza tangu ujana wake. Na mwanamfalme yule hodari sasa ni mzee mlevi, ambaye mkewe alimkimbia mwaka 1780. Mann aliyaandika hayo yote bila kupamba. Msomaji huona mwenyewe jinsi miaka 30 inavyoweza kumfanya adui wa kuogopwa kuwa mtu wa kuhurumiwa. Walpole, kwa kalamu yake kali, labda angalituchekesha, na kwa kutuchekesha angalituibia huruma hiyo.

Tena Mann alikuwa mkono wa kutoa. Aliagizwa picha, sanamu na vitu vya kale, akavitafuta na kuvisafirisha. Mara moja alimpelekea rafiki yake picha ya Bianca Cappello, mwanamke mashuhuri wa zamani za Toscana. Katika barua ya tarehe 28 Januari 1754 ya kumwarifu kuwa picha imefika, Walpole alieleza jambo alilolivumbua bila kulitafuta, akalitungia jina jipya kutokana na ngano ya wana watatu wa mfalme wa Serendip, nchi ambayo wasomaji wa safari za Sindbadi wanaijua kwa jina la Sarandibu, na leo huitwa Sri Lanka. Neno hilo, lenye maana ya bahati ya kuokota kitu chema usichokuwa ukikitafuta, limeingia katika lugha ya Kiingereza, na watu hulitumia hata leo. Wengi humsifu aliyelitunga. Mimi namkumbuka pia yule aliyeipeleka picha.

Sasa nafika kwenye shtaka kubwa. Walpole alikwenda Paris mara tano kati ya mwaka 1765 na 1775. Nguvu alikuwa nazo, fedha alikuwa nazo. Lakini hakuendelea mbele mpaka Florence. Naye Mann, aliyefungwa na kazi, hakuja. Kwa nini? Nadhani waliogopa. Kila mmoja alikuwa na sura ya mwenziwe ya mwaka 1741 imehifadhiwa moyoni, na kila barua iliipaka rangi upya. Kuonana kungalivunja sanamu ile. Angalitokea mzee mgeni mlangoni, nao wangalitafuta la kusema. Waliipenda nusu waliyokuwa nayo hata wakaiogopa nusu ya pili.

Hapa nakumbuka jambo la kwetu. Nilipoanza kufundisha, mama mmoja mzee asiyejua kuandika alikuwa akinijia nimwandikie mwanawe aliyekuwa akifanya kazi mbali. Siku moja alikuja ameshikilia ukuta kwa homa. Nikauliza, “Mama, niandike kwamba u mgonjwa?” Akasema, “Hapana, mwalimu. Andika kwamba twala, twalala, na mbuzi amezaa.” Nikaandika hivyo. Mwana akajibu kwa furaha juu ya mbuzi. Kabla mvua hazijaisha tulimzika mama yule, na mwanawe alipokuja aliitoa barua ile mfukoni, akanionyesha mwandiko wangu. Sikuwa na neno la kumjibu.

Basi, wasomaji wapenzi, nadhani wazee wetu waliipima methali ile kwa mizani ya kweli. Hawakusema kwamba waraka ni kuonana, wala hawakusema kwamba si kitu. Walisema nusu. Barua za Walpole zatufundisha jinsi nusu hiyo iwezavyo kujazwa utamu hata mtu akadhani ni kitu kizima. Barua za Mann zatufundisha uaminifu wa kujibu, mwaka hata mwaka, pasipo kutazamia sifa ya mtu. Atakayeniuliza ni ipi iliyo bora, nitamwambia kwamba ya Walpole ndiyo ningependa kuisoma, na ya Mann ndiyo ningependa kuipokea.

Na akiniuliza yafaa nini kujua habari za watu hawa wa mbali, nitamwambia hivi: kama unaye mtu aliye mbali nawe, mwandikie kweli, hata kama kweli yenyewe ni homa. Na kama njia ipo, usiishie Paris.