Ufundi wa Mawe wa Corrimony

Katika bonde la Glen Urquhart, magharibi mwa ziwa Loch Ness kwenye nyanda za juu za Uskoti, lipo kaburi la Corrimony lililojengwa yapata miaka 4,000 iliyopita na watu wasioacha hata herufi moja, nalo leo liko chini ya ulinzi wa sheria. Anayelitazama kwa mbali hudhani ni kifusi cha mawe kilichomwagwa uwandani, lakini ndani yake mmefichwa kazi ya uashi ambayo wajenzi wa sasa wangepaswa kuionea haya.

Ushoroba wake, yaani njia nyembamba ya kuingilia ambayo mtu hana budi kuipita kwa kutambaa, unatazama kusini-magharibi, ambako jua la huko huzama katikati ya majira ya baridi. Unaishia kwenye chumba cha duara kilichopandishwa bila chokaa wala boriti: kila safu ya mawe imechomozwa ndani kidogo kuliko safu iliyo chini yake, na mkia wa kila jiwe, yaani upande uliozama ukutani, umekandamizwa na uzito wa mawe ya nje ili lisipinduke, hadi uwazi wa juu ukawa wa kuzibwa kwa jiwe moja tu. Ujenzi wa namna hii humlazimu fundi aligeuze jiwe mkononi na kulijua kabla ya kulilaza, kwani akikosea hana pa kuficha kosa lake, tofauti na mwashi wa leo ambaye huziba kila pengo kwa saruji na kwenda zake.

Mwaka 1952 mwanaakiolojia Stuart Piggott alipochimba sakafu ya chumba hicho, hakukuta mifupa bali doa la mwili uliolazwa umejikunja, ambalo ndilo udongo ulilolisaza. Jasho lote lile, pamoja na duara la mawe 11 yaliyosimama kulizunguka kaburi (ingawa baadhi yake ni ya baadaye), lilimwagwa kwa ajili ya wafu wachache mno, labda mmoja tu.

Paa sasa liko wazi, na jiwe kubwa lenye vishimo vya kuchongwa, linalodhaniwa kuwa ndilo lililokuwa kifuniko, limelala juu ya kaburi. Ni heri libaki hapo hapo kuliko kurudishwa kwa saruji.