Kuni, Kimea na Mitaa ya Bamberg

Koki ya shaba huwekwa kwenye tundu la pipa, nyundo hupigwa mara mbili, na bia huanza kushuka yenyewe. Hakuna mtungi wa gesi wala mpira uliofichwa chini ya kaunta. Pipa la mbao limekaa juu, glasi iko chini, na uzito wa bia ndio unaofanya kazi. Anayejaza glasi hizo katika kilabu cha Schlenkerla, mjini Bamberg, kusini mwa Ujerumani, hana haraka, ingawa mbele ya kidirisha chake watu wamesimama bega kwa bega hadi ujiani. Pipa likikaribia kwisha huliinamisha taratibu, mashapo yasipande. Likiisha, huondolewa, lingine huletwa, na nyundo husikika tena.

Bia yenyewe ni ya kahawia iliyokolea, na anayeinua glasi kwa mara ya kwanza husita. Inanukia moshi. Si moshi wa kubahatisha, ni moshi wa kuni hasa. Wenyeji humwambia mgeni asihukumu kwa glasi ya kwanza. Aongeze ya pili, na ikibidi ya tatu. Nyumba hii ya Dominikanerstraße imetajwa kwenye hati tangu 1405, na anayeishika leo, Matthias Trum, ni wa kizazi cha sita cha ukoo wake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wasema Waswahili. Mgema huyu amesifiwa hadi ng'ambo ya bahari, na tembo halijaguswa.

Siku hizi ziara ya viwanda vya bia hupangwa kwenye simu. Mtu huandika jina la mji, ramani ikamwaga vidoto vyekundu, naye akaviunganisha kwa njia ya mkato: dakika chache kila kituo, picha ya glasi, twende. Katika miji mingi ambako viwanda vidogo vimechipuka ndani ya maghala ya zamani, utaratibu huo haumdhuru mtu. Atapewa ubao wenye vikombe vidogo vidogo, aonje hiki na kile, na kesho asikumbuke hata kimoja. Bamberg kuna shida. Si umbali: mji una wakazi wasiofika 80,000, na sehemu yake ya kale, ambayo kwa kiasi kikubwa ilinusurika mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia na kuingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1993, inazungukwa kwa miguu. Shida ni kwamba bia huuzwa kwa nusu lita, na kazi inayostahili kutazamwa imefanyika mbali na meza, wiki kadhaa kabla ya mgeni kufika.

Kazi hiyo ni kimea. Shayiri hulowekwa, ikachipua, kisha sharti ikaushwe kabla chipukizi halijaula wanga wote. Kwa karne nyingi, mahali ambapo jua halikutosha, punje zilitandazwa juu ya moto wa kuni, na moshi ukapita katikati yake. Kwa hiyo bia nyingi za Ulaya zilikuwa na moshi, wanywaji watake wasitake. Mwaka 1635 Mwingereza Nicholas Halse alipewa hataza ya tanuri la kukaushia kimea bila moshi. Mabadiliko yalikwenda polepole, lakini karne ya 19 ilipoingia na viwanda vyake vikubwa, hewa ya moto iliyo safi ilichukua nafasi ya kuni karibu kila mahali. Ilikuwa nafuu, ilipimika kwa urahisi, na hakuna aliyelazimika kukesha akichungulia moto. Ladha iliyokuwa ya kila mtu ikawa ya wachache, kisha ikawa kioja cha watalii.

Katika mji huu ni Schlenkerla na mwenzake Spezial ndio walioendelea kukausha kimea chao wenyewe juu ya moto wa kuni za mti uitwao biichi.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji maelezo marefu hapa. Wakalenjin husugua ndani ya kibuyu cha mursik kwa kijinga cha mti wa senetwet kabla ya kutia maziwa, na mama anayeijua kazi hiyo hutambulika kwa moshi wake: ukizidi ni uchungu, ukipungua ni maziwa tu. Hesabu ya tanuri la Bamberg ni hiyohiyo. Kuni mbichi hutoa moshi unaokwaruza koo, kwa hiyo huachwa zikauke sawasawa kabla ya kuingia motoni. Moto ukipanda kupita kiasi, vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari hufa, na shehena nzima haifai kitu. Ukizubaa, kimea hubaki na unyevu na kuota ukungu. Na moshi ukishaingia katika nyumba hautoki: Schlenkerla hupika pia bia ya rangi nyepesi isiyotiwa punje hata moja ya kimea cha moshi, na bado inanukia, kwa sababu hutumia hamira ileile na mitungi ileile.

Mtaa wa Obere Königstraße, ng'ambo ya mto upande wa stesheni, una jambo ambalo ramani haiwezi kulieleza. Spezial, ya tangu 1536, na Fässla, iliyoanza 1649, mwaka mmoja tu baada ya Vita vya Miaka Thelathini kumalizika, zinatazamana mlango kwa mlango. Moshi wa Spezial ni mwepesi, wa kunyemelea. Fässla haina moshi kabisa. Majirani hawa wamepika bia wakiangaliana madirishani kwa zaidi ya karne tatu na nusu, na hakuna aliyemnunua mwenzake. Ndani, mgeni huketi meza moja na wasiomjua baada ya kuuliza kama pana nafasi. Lakini ile meza ya kona yenye kibao cha Stammtisch ni ya wazee wa siku zote, na anayeikalia bila kualikwa ataelezwa kwa upole ambao si upole sana.

Klosterbräu, ya 1533, iko karibu na maji na inapendeza kupigwa picha kuliko zote. Kule mtaa wa Wunderburg, Mahrs ya 1670 na Keesmann ya 1867 nazo zinatazamana. Mahrs husifika kwa bia yake isiyochujwa, yenye gesi kidogo, inayoagizwa kwa kutamka herufi moja tu, U.

Panapouma ni mlimani. Chini ya vilima vya Bamberg zimechimbwa njia ndefu ndani ya jiwe la mchanga, na humo mapipa yalilazwa pamoja na barafu ya majira ya baridi. Juu yake ilipandwa miti ya chestinati ili kivuli kipoze ardhi, na watu wakazoea kuifuata bia ilikolala. Miaka ya 1870 Carl von Linde alitengeneza mashine ya kupoza kwa ajili ya kiwanda cha Spaten cha Munich, na mapango kila mahali yakaanza kupoteza kazi. Bustani zimebaki; ile ya Spezial juu ya kilima inatazama minara ya kanisa kuu. Lakini wengi wanaokaa kivulini sasa hawajui kwamba mti ulipandwa kwa ajili ya pipa, si kwa ajili yao.

Mwanzoni mwa karne ya 19 mji huu ulikuwa na viwanda zaidi ya 60. Leo ni vichache, na Maisel, kilichokuwa kikifahamika sana mjini, kilifunga mwaka 2008. Wakati huohuo, karibu na reli, majengo ya matofali mekundu ya Weyermann, waliopo tangu 1879, hutuma kimea duniani kote, pamoja na kile cha moshi. Mpishi wa mji wa mbali akitaka bia ya moshi hufungua gunia tu. Si dhambi, na bia yake yaweza kuwa nzuri. Ila hajawahi kulinda moto, na wanywaji wake hawatajua kuuliza ni nani aliyeulinda.

Anayetaka kuifuata njia hii aache gari, ale kabla ya kunywa, abebe fedha taslimu, na apange nyumba tatu kwa siku, si saba. Aulize mapema siku ya mapumziko ya kila moja, maana hazifungui ili kumfurahisha mgeni. Na Spezial itangulie Schlenkerla: ulimi ukishakutana na moshi mzito, hausikii tena ule mwepesi.