Labeka ya 5930

Injini ndogo ya treni ikitoka dukani haina jina, ina namba 3 tu. Karibu kila dikoda, kile kijisahani cha elektroniki kinachofichwa tumboni mwa injini, hutoka kiwandani na anwani hiyo hiyo. Weka injini tatu mpya kwenye reli moja, ita 3, zote zitaondoka kwa mpigo kama mbuzi waliosikia pumba zikimwagwa.

Ndiyo maana kazi niipendayo kuliko zote kwenye meza yangu hapa Chala si kupaka rangi wala kulehemu waya. Ni kuipa injini namba yake.

Injini yenyewe ni Garratt 5930, Mount Shengena. Ile kubwa iko Makumbusho ya Reli, Nairobi. Ni mojawapo ya zile 34 za daraja la 59 zilizoundwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, kila moja ikabandikwa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Shengena wenyewe uko Upare, ng'ambo ya mpaka. Injini hizo zilikuwa na uzito wa tani 252 kila moja, zikipita Voi kupandisha mizigo ya Mombasa kwenda Nairobi. Tawi letu la Voi hadi Taveta, lililotandikwa haraka haraka kwa ajili ya jeshi wakati wa vita vya 1914 hadi 1918, halikuwa na ubavu wa kuzibeba. Yangu nimeipunguza mara 87. Ina sentimita 36, na imefika Chala, ambako hata reli haikufika.

Ufundi huu wa kuita injini kwa namba asili yake ni kwa Mjerumani Bernd Lenz, kisha Wamarekani wakaufanya kanuni ya wote miaka ya 1990. Umeme uleule unaozungusha mota ndio unaobeba maneno. Hubadili upande maelfu ya mara kwa sekunde: ukikaa upande mmoja mikrosekunde 58, hiyo ni 1, ukikaa 100 au zaidi, hiyo ni 0. Kila injini iliyo relini husikia kila neno. Inayotii ni moja.

Kupata namba kunataka hesabu kidogo. Vituo vya kuongozea injini vya siku hizi hukufanyia, lakini mimi hupiga kwa kalamu, kwa ukaidi tu. Kisanduku kimoja cha kumbukumbu hakibebi zaidi ya 255, kwa hiyo 5930 lazima igawanywe sehemu mbili. Igawe kwa 256: unapata 23, baki 42. Kwenye 23 ongeza 192, ambayo ni alama ya anwani ndefu, inakuwa 215. Basi 215 kisanduku cha 17, 42 kisanduku cha 18. Halafu kisanduku cha 29, kilichokuwa na 6, unakiongezea 32 ili injini ijue iache namba ya utotoni ishike ya utu uzima.

Sasa tazama magurudumu. Dikoda haina mdomo. Ikitaka kusema "nimepokea", huivutia mota umeme kidogo, miliampia 60 hivi kwa muda wa milisekunde 6, na injini nzima inashtuka. Unywele tu. Mtoto akiitwa na mamake, kabla hajasimama, huitika "labeka". Mshtuko ule ndio labeka yake, nami sijawahi kuuchoka.

Garratt lakini ina vitimbi vyake. Ni injini mbili zilizobeba boila moja katikati, zimegeuziana migongo, kwa hiyo yangu ina mota mbili na dikoda mbili zenye anwani moja. Mara ya kwanza niliziandika zote kwa pamoja, nikajiona bingwa. Nikafungua umeme: ya mbele ikavuta Voi, ya nyuma ikavuta Taveta, magurudumu yakasaga reli pale pale. Ikabidi nikate waya za mbele, niiandikie ya nyuma peke yake 39 badala ya 38 kwenye kisanduku cha 29. Moja hiyo tu ndiyo inayoiambia igeuze mwendo.

Mjomba wangu, aliyefanya kazi reli Voi, alikuja jioni nilipomaliza.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Haya, ita."

Nikaita 5930. Ikaondoka taratibu, ikapinda kona ya meza. Katikati ya safari stima ikapotea. Tulikaa gizani karibu saa nzima tukinywa chai. Iliporudi nikaita tena, ikaitika. Dikoda haisahau jina kwa kukosa umeme.

Mjomba akavaa miwani, akainama akasoma namba ubavuni.

"Sasa ita 5918."

Hiyo ni Mount Gelai, jirani yake pale makumbusho. Nikaita, nikazungusha swichi ya mwendo mpaka mwisho. Garratt ilisimama kimya, taa haikuwaka.

"Basi ndiyo yenyewe," akasema, akavuta kiti.