Mkaa na Mwendo: Juu ya Kuwachora Wachezaji wa Ngoma

Yafaa tuanze na kitenzi chenyewe. *Kuchora* ni kuandika picha, na pia ni kukata nakshi kwa chombo kikali. Ukali wa maana hii ya pili ungalimo katika picha nyingi za ngoma tulizo nazo: mstari ni mmoja, umekatwa, umekwisha. Mchezaji ameinua mguu, ameinama, amenyoosha mkono. Kila kitenzi chataka *-me-*, kiambishi cha hali iliyokwisha kutimia, na mtazamaji haoni ngoma ila watu waliosimama vibaya.

Mkaa waweza zaidi. Tuseme mchoraji ameketi kando ya ngoma ya Wasagara huko Kilosa, au ya Wavidunda upande wa Mikumi. Hana budi kuacha kwanza nyuso na nguo, atafute uzito umelalia mguu upi na kiuno kimepindia wapi. Kisha, kwa ubavu wa kijiti, apake kiwiliwili kizima kwa pigo moja la mkono kabla mdundo haujabadilika. Mguu ukihama, asiufute ule wa kwanza. Aufikiche kwa kidole ubaki kama ukungu, na wa pili auweke juu yake. Hapo tumepata *-ki-*: twamwona akiinama, akiinuka. Edgar Degas, Mfaransa aliyefariki mwaka 1917, aliwarudia wachezaji wale wale kwa mkaa katika uzee wake, na mistari ya awali mara nyingi aliiacha ionekane. Mwenye kuihesabu kuwa makosa ya mkono hajaitazama vema.

Wala wingi wa mistari peke yake si mwendo. Mchoro wenye ukungu kila mahali ni kama sentensi ya *-ki-* tupu, isiyo na kitenzi kikuu: akicheza, akizunguka, kisha nini? Sharti kiwepo kiungo kimoja kilichokazwa kwa weusi kamili, aghalabu ule mguu uliobeba mwili, ili vingine vyote vitegemee hapo.

Habari ya vifaa si kubwa. Mkaa wa kupikia wa Kilosa, utokao katika miti ya miombo, ni mgumu na hukwaruza karatasi. Wa kuchorea hutakiwa vijiti vyembamba vya mti laini. Lililo zito ni jingine. Kijana atakayejifunza hatua za babu zake kwa picha za *-me-* atapata mikao tu, na namna ya kutoka mkao huu kwenda ule, ambayo ndiyo ngoma yenyewe, itakuwa imepotea mkononi mwa mchoraji.