Panki haijafa, inauzwa butura

Hapa Kibingo ukimtajia kinyozi neno "panki", atakuuliza unataka apunguze pembeni kiasi gani. Neno lilifika kwetu kama mtindo wa nywele, muziki wenyewe ukabaki njiani. Kwa hiyo waandishi wa muziki wa Ulaya na Marekani wanapouliza, kama wanavyouliza kila baada ya miaka michache, kwamba je, panki bado ipo, mtu wa Karagwe au Kyerwa anaweza kujibu: huo ni msiba wa watu wengine, sisi hata marehemu hatukumjua.

Mimi nasema tunamjua. Tumemjua kwa majina mengine tu.

Tuanze na huko kwao. London ya 1976 na 1977 ilijaa vijana wasio na kazi, gitaa za bei rahisi, na wazo moja: usisubiri mtu akuruhusu. Hujui kupiga? Panda jukwaani hivyo hivyo. Sex Pistols walitoa "God Save the Queen" mwaka 1977, BBC ikakataa kuupiga, na bado watu wakaununua. Mwaka huo huo kundi la X-Ray Spex likatoa "Oh Bondage Up Yours!", na aliyekuwa mbele ya kipaza sauti ni binti anayejiita Poly Styrene, jina lake halisi Marianne Elliott-Said, baba yake Msomali. Kwa hiyo hata pale mwanzo kabisa, Afrika Mashariki ilikuwa chumbani. Nalisema hili kwa wale wanaodhani panki ni kelele za wazungu peke yao.

Lakini angalia jinsi matanga yalivyowahi. The Clash walisaini mkataba na kampuni kubwa ya CBS Januari 1977, na Mark Perry, mhariri wa kijarida cha mtaani kilichoitwa Sniffin' Glue, akasema panki imekufa siku hiyo. Mwaka 1978 kundi la Crass likaimba wimbo wenye jina linalosema hivyo hivyo, kwamba panki imekufa. Mtoto hajaota meno, kaburi limeshachimbwa. Na kila aliyetangaza kifo alitaja sababu ileile: ameuzwa.

Hapo ndipo mtu wa Kagera anaposimama na kusema, kumbe ni butura!

Kwa wasomaji wa mbali nieleze. Butura ni kuuza kahawa ingali shambani, wakati mwingine ikiwa bado maua. Mkulima ana mgonjwa, au ada ya mtoto imekwama, au kuna msiba. Anakuja mtu mwenye fedha mkononi, anampa bei ya kutupa, na mavuno yakifika mvunaji ni yule mwenye fedha. Serikali imeipiga marufuku biashara hii. Bado ipo, kwa sababu shida haipigwi marufuku. Ubaya wa butura ni kwamba unauza kitu kabla hujajua kitakuwa nini. Kuuza kahawa iliyoiva, kavu, kwenye mizani, hilo halina neno, maana kahawa ni ya kuuzwa.

Kwa kipimo hicho nataka tusome tena wimbo mmoja ambao wengi tunadhani tulishaumaliza: "Wapo" wa Nay wa Mitego.

Machi 2017 Nay alikamatwa Morogoro kwa sababu ya wimbo huo. BASATA wakaufungia. Haikupita siku mbili, Waziri wa Habari, Harrison Mwakyembe, akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda, aachiwe, upigwe redioni, na ikiwezekana aongeze mambo mengine ndani yake, wakwepa kodi wakiwamo. Mitaani tulishangilia. Wimbo umeshinda!

Umeshinda nini? Kama jina linavyoonyesha, "Wapo" ni wimbo wa orodha, na orodha ina tabia moja ya kifasihi: haina mlango. Yeyote anaweza kuingia na kuongeza mstari. Mwenye nchi alipoukuta umekaa hivyo, hakuvunja kitu. Aliketi ndani yake akasema, kweli wapo, na hawa nao waongezeni. Wimbo uliokusudiwa kumsuta ukawa wimbo anaosutia wengine. Sisemi Nay aliuza. Nay wa watu hakupanga yote hayo, na miaka ya baadaye aliendelea kuitwa na kuhojiwa kwa nyimbo zake. Nasema wimbo wenyewe ulichumwa ukiwa maua. Ulikuwa na siku chache tu mitaani, maana yake haijakomaa vinywani mwa watu, na tayari umeshapata mwenyewe.

Kipimo cha pili kilikuja haraka. Aprili 5, 2017, siku chache tu baada ya shangwe hizo, Roma Mkatoliki alichukuliwa na watu wasiojulikana kutoka studio jijini Dar es Salaam pamoja na wenzake. Walionekana tena baada ya siku tatu, naye akawaambia waandishi wa habari kwamba waliteswa. Mwaka huo huo akatoa "Zimbabwe". Baadaye akahamia Marekani. Weka matukio hayo mawili bega kwa bega: mmoja anakumbatiwa, mwingine anachukuliwa. Kumbatio ndilo lililonitisha zaidi kama msomaji, ingawa najua mwili wa mtu ukiumizwa si jambo la kupimana na tungo. Wimbo wa aliyeumizwa ulibaki na watu. Wa aliyekumbatiwa ulibadilika maana.

Na kufungiwa peke yake si cheti. Novemba 2018 BASATA waliufungia "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond kwa sababu za maadili, na Diamond huyo huyo tukamwona kwenye majukwaa ya kampeni za chama tawala mwaka 2020. Tusimwite mkaidi kila aliyepigwa faini.

Kuna watakaoniuliza: je, Sugu na Profesa Jay? Nao si waliingia bungeni, mmoja 2010, mwingine 2015? Mimi naona hao waliuza iliyoiva. "Ndiyo Mzee" ya Profesa Jay ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka kumi, watoto wanaijua kwa moyo, mgombea anayeahidi kila kitu ameshapata jina la kuchekwa. Ukienda bungeni baada ya hapo, wimbo haukufuati, unabaki mtaani ukikusubiri na wewe ukosee. Na ubunge wenyewe haukumfanya Sugu kuwa mpole: mwaka 2018 alihukumiwa kifungo cha miezi mitano kwa maneno yaliyosemwa kumkashifu Rais.

Sisi wa vitabu tuna mfano wetu. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyo na vina wala mizani, wapo waliosema hayo si mashairi. Ndivyo panki ilivyoambiwa si muziki, na ndivyo singeli inavyoambiwa leo. Riwaya yake ya Rosa Mistika (1971) ilipata kukatazwa shuleni. Leo anafundishwa vyuoni. Amekufa? Hapana. Aliingia darasani bila kubadilisha mstari, na mwanafunzi akiachwa peke yake na kitabu kile bado anapata kichomi.

Sasa leo hali ikoje? Ukitaka panki yenye gitaa, nenda Nairobi. Crystal Axis wana wimbo kuhusu Nyayo House, jengo ambalo vyumba vyake vya chini vilitumika kutesea watu enzi za Moi. Lord Spikeheart, aliyejulikana kwanza na kundi la Duma, alitoa albamu ya The Adept mwaka 2024 akiwa na kumbukumbu ya bibi wa ukoo wake, Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau. Ni muziki wa kupiga mayowe, mgumu, na sitawadanganya kwamba unapigwa kwenye bodaboda za Kyerwa. Wanaousikiliza ni wachache. Lakini haununuliki kirahisi, maana hakuna mgombea anayeweza kuuchezea jukwaani.

Kisha kuna jambo lililonifundisha zaidi. Juni 2024 vijana wa Kenya walipoingia barabarani kuupinga Muswada wa Fedha, wimbo uliowabeba ulikuwa "Anguka Nayo" wa Wadagliz, wimbo wa kucheza, wa starehe tupu. Umati ndio uliouchukua na kuuelekeza kwa wakubwa: anguka nayo! Juni 25 waliingia bungeni, wengine wakapigwa risasi wakafa, na kesho yake Rais Ruto akasema hatausaini muswada. Hii ni butura iliyogeuzwa. Soko lilipanda, wananchi wakavuna.

Ndiyo maana siikatii tamaa singeli yetu. Imezaliwa uswahilini Dar es Salaam, kwa kompyuta chakavu na mdundo unaozidi pigo 200 kwa dakika, bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa namna ya kutengenezwa ni panki kuliko panki. Kwa maneno bado: mengi ni ya starehe na vijembe, na wanasiasa wamejua kuialika. Lakini "Anguka Nayo" nayo ilikuwa hivyo hadi asubuhi ilipobadilika.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba ukaidi upo, tena wa kutosha. Kinachokosekana ni muda wa kuiva. Wimbo unatoka Jumatatu, Jumatano umeshapata mfadhili, tangazo au kesi. Na sisi wahakiki tuna sehemu yetu ya lawama, maana tunaandika kuhusu msanii kukamatwa kuliko tunavyousoma wimbo wake.

Huku kwetu kuna kijana anayewawekea watu nyimbo kwenye memori kadi. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchi nzima, memori kadi hazikuzimika. Ningependa kujua watu walisikiliza nini siku zile, majumbani, sauti chini. Hiyo ndiyo orodha ya nyimbo ningeiamini kuliko ya redio yoyote. Na wewe msomaji, kwenye yako kulikuwa na nini?