Taulo likianguka, limekufa

Taulo la kukaushia gari likianguka mchangani limekufa. Halikung'utwi, halipulizwi, wala haligeuzwi upande wa pili. Nalitamka mapema ili asiyekubali aende zake akamalizie kahawa, maana Jumamosi pale Kigamboni, mbele ya kibaraza kizima, kijana aliliokota, akalipiga mara mbili gotini, akalirudisha kwenye boneti ya Crown. Kibaraza kimya. Watu wanaobishana nusu saa kuhusu penalti walitazama hilo likipita kama hawakuona kitu.

Tena Crown nyeusi, jamani.

Waliokuwepo hawana haja ya kusimuliwa mwanzo: gari kivulini chini ya mwarobaini, boneti imepoa, rimu kwanza na ndoo yake, maji kutoka juu kwenda chini, ndoo ya povu mbali na ya kusuuzia, shampuu ya gari na si sabuni ya unga. Safi. (Sabuni ya unga imetengenezwa kung'oa mafuta kwenye nguo, na nta ya gari ni jamii hiyohiyo ya mafuta. Nimeliandika hili mpaka mhariri amechoka, na nitaliandika tena.)

Sasa tuje kwenye tukio lenyewe. Alikuwa amefika kona ya kushoto ya boneti, anakausha kwa haraka, na haraka yake ilikuwa na sababu: maji ya kisima cha pale yana chumvi, ukiyaacha yakauke yenyewe yanabaki vidoa vyeupe vya duara ambavyo havitoki kwa shampuu. Simu ikaita. Akaingiza mkono mfukoni, taulo likateleza begani, likatua chini ya bampa, pale pale ambapo dakika kumi zilizopita alikuwa anamwaga maji ya rimu. Mchanga mbichi, uliochanganyika na unga wa breki. Hakuna mahali pabaya zaidi pa kuangushia taulo katika ua ule wote, labda jikoni kwenye jivu.

Hapo ndipo palipotakiwa uamuzi, na uamuzi ulikuwa mwepesi. Taulo la pili lilikuwepo. Nililiona kwa macho yangu kiti cha nyuma, jipya, bado limo ndani ya nailoni. Hatua tatu na kufungua mlango. Yeye akachagua goti.

Tuangalie alichokiokota. Maikrofaiba imefumwa kwa nyuzi zilizopasuliwapasuliwa, na kazi ya nyufa hizo ni kunasa uchafu na kuuzuia usitoke. Ndiyo sifa tunayoilipia. Taulo kavu ukilikung'uta kwa nguvu litaachia baadhi ya chembe. Likiwa limelowa haliachii, linazikumbatia. Na mchanga wetu umejaa kwatzi, jiwe linalokwaruza hata kioo, sembuse rangi. Juu ya rangi ya gari la kisasa kuna tabaka angavu liitwalo klia, na klia ya kiwandani kwa kawaida ni kama mikroni 40 hadi 50. Unywele wa kichwani ni kama 70. Yaani kinachoifanya nyeusi ile ing'ae ni chembamba kuliko unywele, na juu yake kijana alipitisha msasa uliolowa.

Alivyolipitisha ndiko kulikonimaliza. Angalau angefuta kwa mstari ulionyooka, kutoka kioo kwenda taa, mikwaruzo ingejificha ukiitazama kwa upande mmoja. Yeye alizungusha, miduara mitatu mikubwa kama sinia la pilau. Saa kumi jua lilipoinama na kuipata boneti, nikamwita aje asimame nilipo mimi. Jua lilikuwa limekaa katikati ya rangi, limezungukwa na utando wa buibui.

"Mzee, si itatoka na polishi?"

Hilo swali ni ugomvi wangu wa zamani, na wauza polishi wanaujua. Polishi haijazi mkwaruzo. Inakula klia iliyo pembeni mpaka ilingane na kina cha mkwaruzo, basi. Kila ukipolishi umepunguza, na klia haioti tena kama kucha. Gari lina nafasi chache za makosa ya namna hiyo, na moja imetumika kwa sababu ya simu ambayo, nilisikia, ilikuwa ya kuulizia mechi inaanza saa ngapi.

Baadaye akapaka nta ya kanauba, tabaka jembamba, akangoja ifanye ukungu, akafuta kwa kitambaa kikavu. Kazi nzuri. Ila nta inaificha mikwaruzo kwa muda tu. Miosho michache na jua la pwani, itarudi kusalimia.

Mjomba wangu alikuwa dereva wa serikali, Peugeot 504, enzi ambazo magari mengi barabarani hayakuwa na klia. Ukipolishi, kitambaa kinatoka na rangi ya gari lenyewe, kwa hiyo alikuwa anaona kwa macho anachokiondoa, na aliogopa. Alikuwa na ngozi mbili laini za kukaushia, moja shingoni, ya pili ndani ya ndoo yenye mfuniko. Nikiwa na miaka kumi ile ya shingoni ilimdondoka, nikakimbia kuiokota nikidhani nitasifiwa. "Iache hapohapo. Tangu leo hiyo ni ya matairi." Hakuikagua hata kidogo. Akafunua ndoo, akaendelea na mlango wa nyuma.

Hakuwa malaika. Lami aliitoa kwa mafuta ya taa, na mfagio wa manyoya wa kupangusia vumbi kavu aliuhifadhi kwenye buti kama mtoto wake wa mwisho, jambo tuliloligombania mpaka anastaafu. Lakini kwenye suala la kitu kilichoanguka hakuwahi kujadiliana na mtu, na 504 ile, chini ya jua lolote, haikuwa na buibui.

Kijana nilimweleza yote haya. Alinisikiliza kwa heshima, akaitikia "sawa mzee," akalisuuza taulo lile lile kwenye ndoo ya rimu na kulianika kwenye kamba.

Jumapili asubuhi nililiona gari likiteremka kuelekea kivukoni. Linang'aa, si haba. Kiti cha nyuma, taulo jipya bado lilikuwa ndani ya nailoni yake.