Fundi wa Faiba na Tope la Kyela

Uzi mmoja wa faiba, ukishavuliwa maganda yake yote, una unene wa mikroni 125. Mwanga wenyewe haupiti katika unene wote huo. Unapita katika kiini cha katikati chenye mikroni tisa hivi, kilicho chembamba mara kadhaa kuliko unywele wa kichwani. Sasa chukua nyuzi mbili za namna hiyo, zitazamanishe ncha kwa ncha, uziunge ziwe kitu kimoja, viini vikutane bila kupishana. Na kazi hiyo uifanyie kando ya barabara ya Kasumulu mwezi wa Aprili, chini ya mwavuli, huku lori lenye mzigo wa Malawi likipita nyuma ya mgongo wako. Hiyo ndiyo kazi ninayotaka kuisifu, kwa sababu bei ya intaneti ya nyumbani inajadiliwa kila siku na mkono unaoifikisha hautajwi.

Kyela haiko mbali na njia kuu. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009 na ambao TTCL ndiyo inayouendesha, unafika Kasumulu kwenye Mto Songwe, kisha unavuka kwenda Malawi, nchi isiyo na pwani ya kupokelea kebo za baharini. Mwaka huohuo wa 2009 kebo ya SEACOM ilifika Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ikaja EASSy. Ndani ya kioo mwanga hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari ya kutoka pwani hadi Kyela, kilomita zinazokaribia elfu moja, haizidi sana milisekunde tano.

Hata hivyo mwenye shamba la kakao kando ya barabara ya Kasumulu bado ananunua bando. Ana haki ya kuuliza kwa nini. Mkongo ni njia ya masafa marefu, na hautobolewi popote mtu akachota. Kila mahali unapotaka kuchepusha mwanga panahitaji kituo: mitambo, umeme, betri za akiba umeme ukikatika, na ubaridi wa kutosha ili mitambo isiungue kwa joto la bondeni. Kutoka kituoni ndipo inaanza kebo nyingine, ya mtaani, na kutoka kebo ya mtaani ndipo inaanza ile ya mwisho, nyembamba, inayoingia dirishani. Kilomita elfu za mkongo zinagawana gharama kati ya watu wa nchi mbili. Mita 80 za mwisho hazina wa kugawana naye.

Turudi kwenye meza ya fundi.

Kwanza anachuna ganda la nje la kebo na kufuta jeli nzito iliyowekwa kuzuia maji yasisafiri ndani. Chini yake kuna mirija, na ndani ya kila mrija mara nyingi kuna nyuzi kumi na mbili, kila moja na rangi yake, kwa mpangilio usiobadilika: buluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau, waridi, na mwisho buluu ile ya maji ya kina kifupi. Fundi mzoefu anaijua orodha hii kama majina ya wanawe. Akiunga chungwa na kijani, mwanga utapita vizuri kabisa, ila utaingia nyumba ya jirani.

Kisha anavisha uzi mmoja kijirija cha plastiki chenye kijiti cha chuma ndani yake. Bado hakihitajiki, kitahitajika mwishoni, kulinda kiungo. Lakini nyuzi zikishaungana hakuna tena ncha ya kukipitishia, na aliyesahau sharti akate aanze upya. Ukitaka kumjua fundi mgeni, mwangalie hapa.

Sasa koleo. Lina tundu zenye vipimo, moja ya kuvulia ganda la rangi. Anavuta kwa mwendo mmoja, taratibu, bila kusita, kwa sababu kusita huacha mkwaruzo, na kioo chenye mkwaruzo huvunjika miezi mingi baadaye, siku ambayo hakuna aliyekigusa. Uzi ulio uchi anaufuta kwa kitambaa kisichotoa manyoya, kilicholoweshwa spiriti kali isiyo na maji mengi. Ukiwa safi kweli hutoa mlio mdogo chini ya vidole, na baadhi ya mafundi hawaachi kufuta mpaka wausikie.

Halafu unakuja ukataji, na hapa ndipo napenda kutazama zaidi. Kioo hakikatwi kwa makali. Kisu cha mashine ndogo ya kukatia hukikwaruza upande mmoja tu, kisha uzi unakunjwa kidogo hadi unavunjika wenyewe, na sura ya mvunjiko iwe imesimama wima kabisa, isiinamie upande hata kwa digrii moja. Fundi haoni kitu kwa jicho. Anajua kwa mkono, na skrini humthibitishia. Kipande kilichobaki, urefu wa ukucha, anakiokota na kukitia kwenye chupa yenye kifuniko. Kipande hicho kikiingia kwenye ngozi hakionekani na ni shida kukitoa. Kikiingia kinywani ni balaa. Ndizi hailiwi kwenye meza hiyo, hata kama mwenye nyumba amekuja na mkungu mzima.

Mashine ya kuungia ndiyo inayowavutia watoto wa mtaa. Inazitazama ncha mbili kwa kamera, inazisogeza hadi zikae sawa, kisha elektrodi zake zinarusha cheche na kioo kinayeyuka na kushikana. Sekunde kumi hivi, basi. Skrini inaandika makadirio ya hasara: desibeli 0.02. Wapita njia huondoka wakiamini mashine ndiyo fundi. Lakini mashine haioshi, haivui, haikati. Ikiletewa ncha chafu, inaunga uchafu.

Hesabu ya mwanga ndiyo inayoonyesha kwa nini sehemu hizo za mia za desibeli zina maana. Mwaka 1966 mhandisi Charles Kao alikadiria kwamba kioo kikisafishwa hadi hasara yake ishuke kufikia desibeli 20 kwa kilomita, mawasiliano ya simu yangeweza kupita ndani yake. Mwaka 1970 wanasayansi wa kampuni ya Corning walifika 17, na dunia ikaanza kubadilika. Leo kioo cha kawaida hupoteza takriban 0.35 kwa kilomita katika mawimbi yanayotumika mitaani. Lakini zile 17 zimerudi kwa mlango mwingine: kisanduku kidogo kinachogawa mwanga wa uzi mmoja kwa nyumba 32 kinakula karibu desibeli 17. Kila nyumba inabaki na chini ya sehemu moja ya hamsini ya mwanga uliotumwa.

Mtandao wa aina inayotumika zaidi majumbani, GPON, kwa kawaida unaruhusu jumla ya desibeli 28 tangu kituoni hadi kwa mteja. Toa 17 za kugawa. Toa 3.5 za kilomita kumi za kebo, na moja au zaidi ya viunganishi vya kuchomeka. Zinabaki sita hivi. Viungo kumi vizuri havifikishi hata nusu desibeli. Viungo kumi vya haraka haraka, kila kimoja na nusu desibeli, vinameza tano. Siku ya kufunga ruta taa ya kijani itawaka na mteja atatia saini. Kebo ikikunjwa kidogo ukutani, au maji yakiingia kwenye sanduku la maungio, taa itageuka nyekundu, na kampuni itatuma pikipiki, fundi na mashine kurudia kazi ambayo ingekamilika mara ya kwanza kwa dakika tano zaidi. Anayetafuta kupunguza gharama aanzie kwenye dakika hizo tano.

Na maji Kyela hayakosi njia. Bonde hili hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mito Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe inashuka kutoka milimani na kumwagika mashambani kabla ya kufika ziwani. Mtaro unaochimbwa kwenye udongo wa mpunga ni rahisi kuchimba na ni vigumu kuutunza. Maji yanaujaza kabla bomba halijalazwa. Kwenye madaraja kebo hupitishwa ndani ya bomba la chuma lililofungwa ubavuni. Nguzo ni nafuu kuliko mtaro, lakini kwenye tope nguzo huinama, na ikiinama inavuta kebo, na kebo ikivutika viungo ndivyo vinavyolia kwanza. Ndiyo maana fundi anayefunga sanduku la maungio hapa hufuta mpira wa kuzuia maji mara mbili. Punje moja ya mchanga inatosha kuliharibu, na sanduku hilo linaweza kukaa miezi chini ya maji.

Faiba ina jambo moja la kuipenda huku kwenye radi: kioo hakipitishi umeme. Radi iliyopiga nguzo ya tatu haitembei ndani ya uzi hadi kwenye ruta, ingawa inaweza kufika kwa njia ya waya wa umeme, na hilo ni kosa la soketi. Wezi wa shaba nao hawana cha kuuza ndani yake. Tatizo ni kwamba wengine hulijua hilo baada ya kukata.

Kinachoamua kama nyumba itafikiwa ni umbali kati ya mlango na mlango. Mita 1,000 za kebo zikipita mbele ya nyumba 50, kila nyumba inabeba mita 20. Zikipita mbele ya nyumba nane, kila moja inabeba 125. Kama anayejiunga ni mmoja kati ya watano, zidisha mara tano. Wanyakyusa wa zamani walijenga vijiji vya rika: vijana wa umri mmoja waliondoka kwa wazazi wao wakajenga pamoja, nyumba kwa safu. Monica Wilson aliandika kitabu kizima juu ya vijiji hivyo, Good Company, kilichotoka mwaka 1951. Mpangaji wa mtandao angevipenda sana. Leo nyumba zimetawanyika kati ya migomba na mikakao, kila mmoja na kiwanja chake, na ni vizuri hivyo, ila faiba hulipia kila mgomba inaoupita.

Kwa maoni yangu, mitaa ya Kyela mjini na Kasumulu ina sababu ya kutosha, maana nyumba zimebanana na mpakani ofisi za mizigo zinahitaji laini isiyokatika. Ipinda inaweza kuwa na kituo chake, na bila hicho Matema isahau: kwa barabara iko mbali na Kyela mjini kuliko kilomita 20 ambazo GPON imezoea kufika. Kwa mashamba yaliyo mbali, uzi ufike shuleni na kwenye zahanati, na kwingineko mnara uendelee kubeba mzigo. Tena kuna malipo. Bando hununuliwa siku pesa ipo. Faiba hudai kila mwezi, na kakao haiuzwi kila mwezi. Kampuni itakayomruhusu mkulima kulipia miezi sita baada ya mnada itapata wateja ambao washindani wake hawajawaona.

Kwenye nguzo ya mwisho fundi hakati kebo kwa kipimo. Anaacha mita kumi au kumi na tano, anazikunja kwa duara pana, anazifunga kwa mkanda, anaandika namba kwenye kibandiko. Msimamizi anayehesabu kila mita huona hasara. Nguzo ikisombwa au greda ikipita, mita hizo ndizo zitakazokatwa na kuungwa upya, mara nne au tano, bila kuvuta kebo mpya kutoka Kyela mjini.